Mama Mkutubi na Kifungu Kilichofutwa

Mwaka wenyewe ni ule sukari ilipopotea madukani, Igoma nzima, huku Mwanza, tukanywa uji wa chumvi na ndimu. Sato alikuwa samaki wa harusi. Sisi wengine tulichemsha mapanki, ile mifupa ya sangara yenye nyama za kubahatisha, tukala na ugali wa muhogo, na jioni michembe, viazi vikavu vya kutafuna mpaka taya linauma. Mwulize mtu yeyote wa huku mwaka wa uji wa chumvi, anaujua. Ndio mwaka mjukuu wangu Kabula alipomchoma mtoto wa watu sindano, mtoto akavimba uso mpaka macho hayaonekani.

Mtoto hakufa. Naliandika hilo mapema ili usikae roho juu bure. Alihamishiwa hospitali kubwa, akapona, na mama yake nilimwona sokoni amembeba mgongoni. Lakini Kabula alikuwa mwaka wa tatu wa uuguzi, amebakiza miezi minne, na mpaka leo hajamaliza. Tunangoja barua kutoka kwenye baraza linalosimamia wauguzi. Ikija vizuri, nitakuwa bibi wa muuguzi, na nitatembea Igoma katikati ya barabara, pikipiki zinipishe. Ikija vibaya, basi miaka mitatu imekwenda na maji. Na aliyetuweka kwenye kungoja huku ni mwanamke mmoja tu, mkutubi wa chuo. Siku nyingine namwombea. Siku nyingine natamani kumchapa na ufagio.

Ufagio ninao. Nimefagia chuo kile miaka kumi na minane. Shule niliishia la tatu, kusoma nasoma kwa kuburuza, lakini maktaba ile naijua rafu kwa rafu, kwa vumbi lake. Huyo mwanamke nilimkuta pale. Jina analo, ila hakuna aliyelitumia. Wanafunzi walimwita Mama Mkutubi, wakufunzi Mama Mkutubi, mlinzi wa getini Mama Mkutubi. Kwao wapi, baba yake nani, sikuuliza na yeye hakusema.

Alikuwa mfupi, mnene kuanzia kiunoni, sweta la bluu Januari na Julai. Miwani alikuwa nayo miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kutazamia watu, na huo wa kutazamia watu ndio uliotia hofu. Kila Jumatatu asubuhi alinijia.

"Shikamoo, dada. Naomba njiti."

"Marahaba. Chomoa, lakini usinimalizie ufagio."

Anachomoa njiti moja iliyonyooka, anaikata ncha kwa meno. Hiyo ndiyo ya kufuatia mistari wiki nzima. Kidole hakukiamini. Kidole kinene, alisema, kinafunika mstari wa chini, na mstari wa chini ndio wenye "isipokuwa".

Ile shikamoo yake niliihesabu. Chuo kile wamo wenye digrii zao walionikuta nimeinama na dekio, wakaruka maji yangu kama wanaruka dimbwi la barabarani. Yeye alisimama, akasalimia, akangoja niitikie, ndipo akapita.

Vitabu vya dawa vilikuwepo pale, na vya mifupa, na vya mimba. Roho yake lakini ilikaa kwenye rafu ya sheria. Watu hudhani muuguzi ni sindano na bandeji. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Kumbe wanafunzi wale huandikishwa kazi nzima nzima kuhusu sheria: nani anaruhusiwa kutoa dawa, siri ya mgonjwa inalindwa na nini, mtoto akiletwa na alama za kipigo unapeleka taarifa wapi. Na kila wanachoandika, waseme wamekitoa sheria ipi. Hapo ndipo walipokufa wengi. Nilikuwa nafuta vioo vya madirisha, nasikia.

"Mama, sheria inasema muuguzi asitoe siri."

"Sheria ipi?"

"Ya wauguzi, mama."

"Ya wauguzi ya mwaka gani? Sura ya ngapi? Kifungu kipi? Kina kifungu kidogo au hakina? Mwanangu, mgonjwa akiletwa wodini utaandika kwenye faili lake kwamba mtu fulani anaumwa mahali fulani?"

Mwingine alikuja na karatasi ameitoa kwenye simu, safi, imepigwa chapa, anajiona. Mama Mkutubi akaweka njiti juu kabisa ya ukurasa.

"Soma hapa. Bunge la wapi hili?"

Binti akasoma kimoyomoyo, akaanza kuikunja karatasi.

"Wewe unauguza Mwanza au Kisumu? Basi panda gari, mpaka wa Sirari uko wazi, kawaguse wagonjwa wao."

Maktaba nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Na yule aliyeleta muswada, yaani sheria ambayo bado inajadiliwa haijapitishwa, akaiandika kama sheria kamili, alipata lake: "Hii ni mimba, mwanangu. Wewe umeshaipa jina, umeshaipeleka shule, na sare umeishonea! Wewe unayesomea ukunga hujui mimba inaweza kutoka?"

Rafu ya chini kabisa, ile inayokaribiana na sakafu, aliiita makaburini. Huko aliweka sheria zilizofutwa. Sheria ikifutwa au kifungu kikibadilishwa, alipata Gazeti la Serikali, akakata kipande, akakibandika kwa gundi mahali pake, kisha akachukua kalamu nyekundu akaandika IMEFUTWA, na tarehe. Nilimwambia vitabu vile vinanivunja mgongo kwa kuvipangusa, avitupe.

"Havitupwi, dada. Mtu akishitakiwa leo kwa jambo la zamani, ataulizwa sheria ya siku ile lilipotendeka, siyo ya leo. Hawa wafu bado wana kazi."

Kwa hiyo nilivipangusa.

Adui yake hakuwa mwanafunzi mvivu. Adui yake alikuwa desa. Asiyejua desa, ni makaratasi ya majibu ambayo wanafunzi hurithishana, waliomaliza wanawaachia wanaoingia, yanatolewa fotokopi kwenye steshenari iliyo mbele ya geti. Kila mwaka fotokopi ya fotokopi, mpaka herufi zimekuwa kama sisimizi waliokanyagwa. Hakuna anayejua nani aliliandika mwanzo. Ndani yake mna sheria, mna vifungu na namba, na binti wa watu akiziona zile namba anaona amefika. Siku moja Mama Mkutubi alivuka barabara, akaingia steshenari, akachukua desa moja akaanza kusoma makosa kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, wateja wamejaa, mpaka mwenye duka akateremsha shata saa sita mchana. Kesho yake duka lilifunguliwa, na desa likauzwa.

Ndipo alipoweka utaratibu wake. Karatasi yoyote yenye sheria, ikitaka kwenda mbele ya kamati ya chuo au ofisi ya mkuu, ipite kwake kwanza. Anakitafuta kifungu kwenye kitabu chenyewe, anakisoma kwa njiti, kisha anaandika pembeni: Nimekisoma. Sahihi, tarehe. Chuo kilikubali, maana kiliwahi kuaibika kwa barua iliyotaja sheria isiyokuwepo. Tangu hapo karatasi isiyo na mkono wake kamati haiipokei.

Usidhani alikuwa malaika. Kwenye ukuta wa maktaba palibandikwa karatasi ya kukataza chakula, ameiandika mwenyewe, na yeye alikaa chini yake anachovya andazi kwenye chai. Bodaboda alipanda bila kofia. Kifungu cha kofia anakijua kwa moyo, mwenye pikipiki akimsihi avae anamtajia kifungu, halafu havai, ati inamharibia nywele, na nywele zenyewe hazikuwepo. Fomu za likizo zilimshinda kabisa, alikuwa anaondoka tu, anarudi na samaki, anamgawia karani aliyekuwa anamlalamikia. Wasichana aliwaliza kweupe mbele ya wenzao. Na kwenye droo yake ya mwisho aliweka pedi na khanga mbili safi, msichana akipatwa na jambo lake anajua pa kukimbilia, anapewa bila kuulizwa neno. Nilimkuta siku moja anamfunga binti ile khanga kiunoni, na huku anamwambia, "Na kazi yako nimeikataa, usidhani nimelainika."

Sasa lile la Kabula.

Alikuwa wodi ya watoto, anajifunza kwa vitendo. Sista wa zamu, naye amesoma chuo hicho hicho miaka ya nyuma, akachukua pochi yake kwenda kunywa chai. Akamwambia Kabula, "Wewe mwaka wa tatu, unaruhusiwa. Mchome yule wa kitanda cha sita, narudi sasa hivi." Kabula akamchoma. Kosa lake lipo, silifichi: hakumwuliza mama mtu kama kuna dawa inayomkataa mtoto. Ilikuwepo. Sista aliporudi na kipande cha chapati mkononi, watu wanapiga kelele.

Chuo kikaita kamati ya nidhamu, Alhamisi saa nne. Kabula aandike maelezo yake, sista aandike yake, na mlezi wa mwanafunzi aje. Mlezi ni mimi. Mama yake Kabula tulimzika Kabula akiwa hajaota meno.

Jumatatu tulikwenda maktaba wote wawili. Kabula alikuwa na maelezo yake mkononi, ameandika usiku na mchana, na moyo ulikuwa umeanza kumtulia, maana alikuwa na kifungu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kutoa dawa peke yake, kwa mujibu wa sheria, jina lake hili, kifungu hiki, aya hii. Nilimwona mwanangu ameshinda. Sitaziandika namba hapa, nikikosea hata moja Mama Mkutubi atanifuata mpaka nyumbani.

Mama Mkutubi akasoma. Akaenda makaburini, akachuchumaa, akatoa kitabu, akafungua, akaweka njiti. Wino mwekundu niliuona hata mimi.

"Kimekufa hiki. Kimekufa wewe hujaanza darasa la kwanza. Umekitoa wapi?"

Kabula akausoma ule wino. "Kwenye desa, mama. Na kwenye mtihani nilikiandika, mwalimu akanipa vema."

Hilo la mwisho lilikuwa zito kuliko la kwanza, na wote watatu tulilisikia uzito wake. Kumbe hata walimu walikuwa wanasahihisha kwa desa.

Nikasema mimi. "Si utie sahihi tu, mdogo wangu? Nani atakwenda kuchuchumaa pale chini?"

Akabadilisha miwani, akanitazama. "Dada, mimi nimechuchumaa."

Kisha akamwambia Kabula aende rafu ya juu, atafute sheria iliyo hai. Atafute mwenyewe. Kabula akaomba angalau aonyeshwe kitabu. Hakuonyeshwa. Jumatatu ikaisha. Jumanne binti akaipata sheria ya uuguzi na ukunga, akaipekua yote, mambo ya mwanafunzi wodini hakuyaona, akaja nyumbani hataki kula. "Bibi, yule mama ananichukia." Nikamwambia kula, ukizimia hapa nitakuchoma sindano mimi. Hakucheka.

Jumatano akarudi. Mimi nilikuwa napiga deki, sehemu ile ile, mara ya tatu, ili nisiondoke. Mama Mkutubi akapita nyuma yake kama anakwenda dirishani. "Sheria haisemi kila kitu," akasema, kama anaongea na dirisha. "Mengine inamwachia waziri atunge kanuni. Kanuni hukaa wapi?"

Kabula akaruka kwenye kiti. Zilikaa kwenye faili la magazeti ya serikali. Saa nane na nusu akaipata: mwanafunzi hufanya kazi chini ya macho ya muuguzi aliyesajiliwa. Wa mwaka wowote. Basi Mama Mkutubi akaanza upya kumtesa. Ilianza kutumika lini? Imerekebishwa? Umeangalia miaka yote iliyofuata, au umechoka? Binti akaangalia yote. Saa kumi akaandika maelezo mapya, akaweka sheria iliyo hai na kanuni yake, akaweka na kosa lake la kutouliza, maana Mama Mkutubi alimwambia karatasi yenye nusu ya ukweli yeye haigusi. Ndipo akaandika: Nimekisoma. Sahihi, tarehe. Kabula akambusu mkono. Mama Mkutubi akaupangusa kwenye sweta.

Alhamisi nilivaa kitenge changu cha kanisani. Tuliketi mimi na Kabula upande mmoja, sista wa zamu upande wa pili, sare yake nyeupe pee, na mwenyekiti wa kamati katikati, mtu wa maneno laini. Mbele yake palikuwa na karatasi mbili. Ya Kabula. Na ya sista. Ya sista ilikuwa na kifungu kile kile kilichokufa, na namba zake na aya yake, neno kwa neno la desa. Alikikariri akiwa msichana, akatembea nacho wodini miaka yote hiyo, na mimi naamini hakusema uongo. Aliamini.

"Bibi Kabula," mwenyekiti akaniambia, "sisi hatutaki kumharibia mtoto. Tutaandika ripoti yetu kwa kufuata kifungu cha sista. Itaonekana aliruhusiwa kubaki peke yake, ila alikosea kidogo kwenye kumhudumia mgonjwa. Atarudia mwaka mmoja, mambo yaishie chumba hiki."

"Na tusipofuata hicho?"

"Basi maelezo ya Kabula yatakwenda juu, kwenye baraza. Na huko mimi sina mkono. Wanaweza kumsafisha. Wanaweza kumfungia asiwe muuguzi maisha yake yote. Na sista naye, na walimu wetu, wote tutaulizwa. Chagua, bibi."

Mwaka mmoja. Nilijiuliza kama nitaishi mwaka mmoja, nikaona nitaishi. Maisha yake yote sikuyaweza.

"Nakubali," nikasema.

"Bibi!" Kabula akanishika mkono. "Bibi, kifungu hakipo!"

"Nyamaza. Wewe nyamaza."

Mwenyekiti akatabasamu, akapiga kengele, akaitwa Mama Mkutubi. Akaingia na sweta lake. Kiti hakikuwepo, akasimama. Mwenyekiti akamsogezea ripoti.

"Ni utaratibu tu, mama. Mkono wako hapo pembeni, tumalize."

Akasoma. Yeye kusoma kwake si kwa haraka. Ukutani saa inakwenda.

"Kifungu hiki hakipo," akasema.

"Kilikuwepo," mwenyekiti akasema kwa upole.

"Kilikuwepo. Siku mtoto anachomwa hakikuwepo."

Sista wa zamu akaanza kulia. "Mama Mkutubi, wewe ndiye uliyenifundisha kunukuu sheria. Mimi nina watoto."

"Nilikufundisha kutafuta. Kunukuu ulijifunza steshenari."

Mwenyekiti upole ukamwisha. Akaigongagonga meza kwa kalamu. "Mama, wewe ulishastaafu, upo hapa kwa mkataba. Na mkataba wako unakuja mezani kwangu mwezi huu. Mlezi amekubali. Sista amekubali. Kamati imekubali. Wewe ni nani hapa?"

Mama Mkutubi akairudisha ile ripoti juu ya meza, akainyoosha pembe iliyokuwa imejikunja.

"Karatasi hii siitii sahihi, leo wala kesho."

Nikasimama. Kitenge kikanifunguka nikakishika kwa mkono mmoja, huo mwingine nikamnyooshea. Sikujali wanaotazama.

"Mdogo wangu," nikasema, "miaka kumi na minane nimekupangusia vitabu vyako, na wafu wako. Sijawahi kukuomba kitu. Nimebaki na huyu mmoja tu. Tia sahihi, mwaka mmoja utapita, mtoto amalize. Nakuomba mimi. Sikuombi kwa niaba ya kamati."

Kabula alikuwa analia, sijui kwa ajili yangu au dhidi yangu. Mama Mkutubi akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa maji mpaka miwani inafuka ukungu, nikajua nimemfikia, nikajua sasa atainama aishike kalamu. Akanitazama mimi, siyo mwenyekiti, na akasema vilevile, hakuongeza wala hakupunguza neno:

"Karatasi hii siitii sahihi, leo wala kesho."